Feni, AC au nyumba yenye upepo: jinsi ya kuchagua kwa joto la Mombasa

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba hadi Machi, swali moja huzuka karibu kila nyumba Mombasa. Tuongeze feni nyingine? Tujikaze tununue AC? Au tumwite fundi atoboe dirisha la pili? Ni swali la pesa, lakini ni la usingizi pia. Mtu asiyelala usiku haendi kazini na akili timamu, na mtoto mwenye vipele vya joto hampi mama yake nafasi ya kufumba jicho.

Feni na AC ni vifaa vya kipindi kimoja: miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, wahandisi walipoanza kuupa umeme kazi za ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ni ya kale zaidi, ila nayo iligeuzwa na uhandisi wa wakati huo huo, kwa saruji, nondo na mabati. Nimeona watu wengi wakinunua kwa kuangalia bei na umbo tu. Mimi naamini ni vyema kwanza ujue kila kitu kilibuniwa kutatua shida gani, kwa sababu shida ya aliyekibuni huenda si yako.

Vipimo vya kutumia

Kipimo cha kwanza, na kwa Mombasa ndicho kizito kuliko vyote, ni unyevu. Mchana wa kaskazi joto letu hufika nyuzi 32 au 33. Garissa na Lodwar hupita hapo bila taabu. Kinachotutesa sisi ni hewa iliyoshiba maji ya bahari. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka, na hewa ikiwa imejaa maji jasho halikauki, linakutiririka tu mgongoni. Usiku nao hauna nafuu kubwa: mwezi wa Machi kipimajoto kinaweza kubaki kwenye nyuzi 25 hadi alfajiri. Kwa hiyo kila kifaa kiulizwe kwanza: kinafanya nini na unyevu?

Kisha kuna gharama, ya kununua na ya tokeni za kila mwezi. Kuna stima kupotea. Kuna matunzo, hasa kwa anayekaa karibu na bahari, maana chumvi haina huruma na chuma. Na mwisho kuna mamlaka yako juu ya jengo. Mpangaji wa chumba kimoja Majengo na mwenye nyumba yake Nyali hawachagui kutoka sinia moja.

Kabla ya kuendelea, nionye jambo moja. Madukani utaonyeshwa kifaa chenye feni na tangi la maji, kinachouzwa kwa bei iliyo kati ya feni na AC, na muuzaji atakuambia kinatoa hewa baridi. Kinafanya kazi kwa kugeuza maji kuwa mvuke unaoingia kwenye hewa. Kwenye hewa kavu ya kaskazini mwa Kenya kinasaidia kweli. Hapa kwetu kinaongeza maji kwenye hewa ambayo tayari haina nafasi, na ukikifungia chumbani na madirisha yamefungwa, kufikia usiku wa manane shuka zitakuwa na majimaji. Ndiyo maana sikukiweka kwenye ulinganisho huu.

Feni

Katika miaka ya 1880, mhandisi Mmarekani Schuyler Skaats Wheeler alifunga mapanga mawili kwenye mota ya umeme na kuiweka mezani. Katika muongo huo huo, Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kuunda mota za cherehani za Singer, aliichukua mota ya aina hiyo akaining'iniza darini na kuitia mapanga. Hiyo ndiyo feni ya dari, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Kabla ya hapo, kusogeza hewa kulihitaji mkono wa mtu. Kulikuwa na kipepeo cha ukili, na katika nchi za joto walizotawala Waingereza, India hasa, kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichoning'inizwa darini, mtumishi akikaa kuvuta kamba mchana kutwa ili wengine wapate upepo. Feni ilimpumzisha mtu huyo, na kwangu hilo si jambo dogo katika historia ya vifaa vya nyumbani.

Mombasa ilisubiri umeme kwanza. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na ikaundwa kampuni ya kusambaza umeme kisiwani. Mwaka 1922 ikaungana na ile ya Nairobi na kuzaa East African Power and Lighting. Pasipo waya ule, mota ya Diehl ingebaki pambo.

Sasa, feni inafanya nini na unyevu? Haiuondoi. Wala haishushi joto la chumba hata kidogo. Mota yake hasa huongeza joto kidogo sana. Inachofanya ni kuisukuma ile hewa iliyolowa iliyokugandama mwilini na kuleta nyingine, ili jasho lipate pa kwendea. Kwa joto letu lisilopita sana nyuzi 33, hilo hutosha kwa watu wengi. Lakini pia maana yake ni kwamba feni humpoza mtu, haipozi chumba. Kuiacha ikizunguka sebuleni wakati wote mko jikoni ni kuchoma tokeni bure.

Hesabu yake ni nyepesi. Feni ya dari hula wati 60 hivi. Saa 8 za usiku ni karibu nusu uniti, na mwezi mzima ni uniti 14 au 15. Ukiweka shilingi 30 kwa uniti ili hesabu iwe rahisi, ni kama shilingi 430. Stima ikipotea, feni ya kawaida inasimama, lakini ziko za betri na za sola ambazo hupitisha usiku, na hata ya kawaida inaweza kuendeshwa kwa inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

Matunzo yake hayamshindi mtu. Futa vumbi kwenye mapanga. Ikianza kuzunguka kivivu hata ukiiweka namba ya mwisho, mara nyingi ni kapasita imechoka, nayo ni ya bei ndogo kwa fundi yeyote wa mtaani. Ikilia, angalia beringi. Jambo la kutofanyia mzaha ni ndoano inayoibeba: kwenye slabu ya zamani karibu na bahari, chuma hicho huliwa na kutu kimyakimya, basi kikaguliwe. Mapanga nayo yawe juu ya sakafu kwa futi 7 au zaidi. Dari ikiwa ya chini, nunua ya ukutani.

Inamfaa mpangaji, mwenye kipato cha kuhesabu, mwenye madirisha yanayofunguka, na mtu ambaye hulala vizuri mradi kuna hewa inayosogea. Haimtoshi sana mgonjwa anayelemewa na joto, wala chumba kisicho na dirisha, kwa kuwa humo itazungusha hewa ile ile iliyochoka.

AC

Hapa historia yenyewe inakupa ushauri wa ununuzi. Mwaka 1902, Willis Carrier, kijana wa miaka 25, alitumwa kutatua shida ya kiwanda cha uchapishaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, New York. Hakuna aliyelalamika kwamba wafanyakazi wanatoka jasho. Waliolalamika walikuwa wachapishaji: karatasi ilikuwa ikinyonya unyevu wa kiangazi na kutanuka, na kwa kuwa kila rangi hupigwa peke yake, rangi ya pili haikuangukia mahali pa ile ya kwanza. Carrier alipitisha hewa kwenye mabomba baridi ili unyevu wake ugeuke matone juu yake na kudondoka, hewa itoke kavu. Hati ya ubunifu aliipata 1906. Baada ya hapo zikafuata viwanda vya nguo, kisha majumba ya sinema. Ukumbi wa Rivoli wa New York ulipofungiwa mtambo wake mwaka 1925, watu walikata tiketi za kiangazi kwa ajili ya ubaridi kama walivyokata kwa ajili ya filamu. Vya kuweka dirishani vilikuja miaka ya 1930, kwa bei ya matajiri tu.

Kwa hiyo AC ilizaliwa kuwa mashine ya kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka kutoka kwenye mpira nje ya ghorofa na kuwalowesha wapita njia ni unyevu uliokuwa chumbani. Katika vyote vitatu, hiki pekee ndicho kinachoiondoa shida kuu ya Mombasa. Jamaa zetu walioko Dubai na Doha wanaishi na kufanya kazi katika miji ambayo kwa ukubwa wake wa leo isingewezekana bila uvumbuzi huu.

Lakini mnunuzi asiyejua hilo hujidhuru. Watu hudhani kubwa ndiyo bora. Nguvu ya AC hupimwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto inachoondoa kwa saa, na BTU 12,000 huitwa tani moja, kipimo kilichotoka enzi za barafu: ni nguvu ya kupoza sawa na tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4, kilichozibwa vizuri na kisichopigwa na jua la magharibi, kinatoshelezwa na BTU 9,000. Ukiweka ya 18,000 humo, itashusha joto haraka, itazima kabla ya kukausha hewa, kisha itawaka tena baada ya muda mfupi. Utapata baridi yenye majimaji, ile inayokufanya ujifunike blanketi huku mto unanata. AC ya inveta (si ile inveta ya betri), inayopunguza mwendo badala ya kuzima, hukausha vizuri zaidi, na kwa Mombasa naona ndiyo ya kununua ukishaamua kununua.

Gharama sasa. AC ya BTU 9,000 isiyo ya inveta huvuta wati 900 hivi kompresa ikiwa kazini. Isiposimama kabisa kwa saa 8, hizo ni uniti 7.2 kwa usiku, zaidi ya 210 kwa mwezi, karibu shilingi 6,500 kwa ile bei yetu ya shilingi 30. Kwa kawaida kompresa husimama na kuanza, kwa hiyo bili halisi huwa chini ya hapo, na ya inveta chini zaidi. Hata hivyo tofauti na feni inabaki kubwa sana, na nyumba ndogo iliyokuwa katika daraja la bei nafuu la stima inaweza kutolewa hapo. Njia ya kupunguza: iweke nyuzi 25 au 26, si 18, kisha washa feni kwa mwendo mdogo. Hewa ikishakauka, upepo kidogo tu unatosha.

Stima ikipotea, AC ni ukuta. Haiendeshwi na inveta ndogo, na chumba kilichozibwa kwa ajili yake huwa tanuri ndani ya muda mfupi usipokimbilia kufungua madirisha. Stima ikirudi na nguvu ndogo, au ikicheza, kompresa ndiyo inayoumia. Weka kifaa cha kuilinda chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika chache.

Kuhusu matunzo niwe wazi, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza pesa zao. Kichujio cha ndani kioshwe kila mwezi wakati wa kaskazi. Kisanduku cha nje, ukikaa Nyali, Shanzu, Kizingo au Likoni, chumvi huanza kula mapezi yake ya alumini tangu siku ya kwanza. Chagua chenye mapezi yaliyopakwa kinga, kiweke upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, na kisuuzwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara. Na uulize gesi ya kupozea iliyo ndani yake. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi isiyo na sumu ya kuchukua nafasi ya amonia na dioksidi ya salfa zilizokuwa zikidhuru watu majumbani. Walichopata kilikuwa salama kwa mwenye nyumba, lakini miongo kadhaa baadaye kikagundulika kinaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa gesi za jamii hiyo, na sekretarieti yake iko hapa nchini, Nairobi. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: AC ya mtumba yenye R-22 ni ya kuepuka, maana gesi yake inaondolewa sokoni. Tafuta ya R-32, ambayo huipasha dunia joto kidogo kuliko R-410A, na fundi anayeijua kazi, kwa kuwa inaweza kushika moto ikivuja mahali pasipo hewa.

Inamfaa mwenye mgonjwa au mzee asiyestahimili joto, ofisi yenye mashine, duka la dawa, nyumba ya wageni, na anayelala kwenye barabara yenye kelele au vumbi asipoweza kufungua dirisha. Haimfai mwenye nyumba ya mabati isiyo na silingi, au ya Kiswahili ambayo kuta zake za ndani hazifiki juu. Humo ubaridi wote utatoroka, na mita itakimbia bure.

Nyumba yenyewe

Njia hii haiuzwi kwenye boksi, kwa hiyo hakuna wa kuitangaza. Lakini nenda Mji wa Kale, pita Ndia Kuu saa nane mchana, uone. Kuta nene za matumbawe na chokaa huchukua muda mrefu kupata moto. Vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, na chumba chembamba chenye madirisha pande mbili hupitisha upepo bila kuombwa. Roshani za mbao huzuia jua na macho ya watu, ila hewa huipitisha.

Saruji iliyotiwa nondo, iliyoenea duniani mwanzoni mwa karne ya 20, ilitukomboa kutoka kwenye urefu wa boriti. Tukapata vyumba vipana, ghorofa juu ya ghorofa, na paa tambarare la kuanikia nguo. Mabati yakaondoa taabu ya kuezeka makuti upya kila baada ya miaka michache na hofu ya moto. Hizo ni faida kubwa na sitaki kuzidharau. Bei yake ni kwamba slabu hukusanya jua mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku, wakati unapotaka kulala, na ghorofa nyingi za Tudor na Bamburi zimejengwa zikiwa na dirisha upande mmoja tu wa chumba. Upepo usio na pa kutokea hauingii.

Unyevu, nyumba haiuondoi. Katika hili iko sawa na feni: inasogeza hewa. Tofauti ni kwamba inasogeza nyingi, na bure. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo linahitaji mwenzake upande wa pili, hata kama ni luva juu ya mlango. Paa jeupe ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa bei yake: rangi nyeupe au chokaa juu ya slabu au mabati hurudisha jua kabla halijaingia. Chini ya mabati weka silingi, na acha matundu ya hewa kwenye nafasi iliyo katikati. Upande wa magharibi ukipata kivuli cha mwarobaini au baraza ya makuti, jua la alasiri halitakuwa na ukuta wa kupasha moto.

Gharama hulipwa mara moja, stima ikipotea huna habari, na matunzo ni rangi kila baada ya miaka kadhaa. Kasoro zake ni za kweli pia. Dirisha lililo wazi linaleta mbu, na Mombasa imeshapatwa na milipuko ya dengi, ambayo mbu wake huuma mchana. Wavu ni lazima, nao hupunguza upepo. Linaleta vumbi, kelele, na wasiwasi wa wezi. Na kuna wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, ambapo hakuna jani linalotikisika. Siku hizo madirisha yote ya duniani hayakusaidii.

Inamfaa anayejenga sasa, aliyerithi nyumba, au mwenye nyumba za kupangisha anayetaka wapangaji wakae.

Kwa hali yako

Mpangaji wa chumba Majengo au Kisauni: feni, na kama una akiba ndogo, ile ya kuchaji. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu kupaka paa rangi nyeupe. Mkichanga wapangaji wote si pesa nyingi, na kila mmoja atafaidi.

Unajenga au unakarabati: pesa ya kwanza ipeleke kwenye madirisha ya kutazamana, paa jeupe na silingi, kisha feni za dari. Acha tundu la bomba na waya wa AC kwenye chumba kimoja cha kulala, hata kama hununui leo. Kutoboa baadaye ni ghali na kunachafua.

Ghorofa yenye dirisha upande mmoja, na stima mnaimudu: AC ya inveta katika chumba kimoja mnacholala pamoja na watoto, feni kwingine kote. Chumba kimoja kilichozibwa vizuri ni bora kuliko AC tatu zinazoshindana na milango iliyo wazi.

Mna mzee, mgonjwa wa moyo au mtoto mchanga asiyelala: msihesabu tokeni kwanza. Wekeni AC katika chumba chake, nyuzi 26, na muwe na feni ya betri pembeni kwa usiku ambao stima itapotea.

Nyumba ya zamani Mji wa Kale: jaribu kufungua madirisha yaliyozibwa na majirani wa zamani au na makabati kabla ya kununua chochote. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, kwa hiyo ukikarabati rudi kwenye chokaa. Ukilazimika kufunga AC, kisanduku cha nje kikae uani, na mpira wa maji uelekezwe kwenye bomba, mbali na ukuta na mbali na kichochoro wanakopita watu.